Ukumbusho wa Nchi ya Shaba

Zamani zile mshahara wa mgodini ulipokuwa ukifika kila mwezi bila kukosa, ukumbi wa nyumba ya mfanyakazi katika miji ya Katanga, kusini ya Kongo, tangu Lubumbashi mpaka Likasi na tangu Likasi mpaka Kolwezi, haukuhesabiwa kuwa umetimia mpaka uwe na viti vya kupokelea wageni, redio iliyofunikwa kitambaa cha kufumwa kwa mkono, na picha ya rangi iliyotungikwa ukutani mahali ambapo jicho la mgeni halina budi kuiangukia. Picha hiyo haikutoka Ulaya, wala haikutoka katika chuo cha sanaa. Ilichorwa na kijana wa mtaani juu ya gunia la unga lililopakwa rangi nyeupe, ikatembezwa mlango kwa mlango, ikauzwa kwa bei ambayo mtu wa kazi aliweza kuitoa bila kuwapunguzia wanawe chakula. Ndani yake mlikuwa na mojawapo ya mambo machache yaliyopendwa: kijiji cha mababu kando ya mto, au mwanamke wa majini, nusu binadamu na nusu samaki, aitwaye mamba muntu, au mfungwa aliyelazwa kifudifudi akichapwa kiboko mbele ya ofisa wa Kibelgiji, huku bendera ya koloni ikipepea juu ya gereza. Mwenye nyumba alipoulizwa picha ile ni ya nini hakusema kwamba ni pambo. Alisema ni ukumbusho.

Kwa sisi tulioko pwani neno hilo laweza kupita sikioni bila kushtua, maana hapana harusi wala safari isiyoachiwa ukumbusho wake. Huko Katanga, ambako watafiti Johannes Fabian na Ilona Szombati-Fabian walilisikia na kuliandika katika miaka ya 1970, lilikuwa na mzigo mzito zaidi. Ukumbusho kwa maana ya watu wale si kitu kinachohifadhi yaliyopita kama sanduku lihifadhivyo nguo za marehemu. Ni kitu kinachomfungua mtu kinywa. Mtoto huitazama picha akauliza mtu yule anachapwa kwa kosa gani, na baba, ambaye labda asingalianza mwenyewe kuyasema mambo ya mateso na aibu, hulazimika kujibu. Jirani aliyekuja kuazima kitu husahihisha. Bibi hutoka jikoni na kusema kwamba haikuwa hivyo, kwani yeye alikuwapo. Picha iliyowaacha watu kimya haikustahili jina lile, hata rangi zake zikiwa nzuri namna gani. Naona maana hii yatosha kutuongoza kuliko maneno mengi ya fahari yatumikayo siku hizi juu ya turathi na utambulisho, nami kwa maana hiyo nataka kuitazama Kolwezi, mji ambao dunia nzima yautaja leo kwa ajili ya kobalti ya betri, na ambao ni wachache mno wautajao kwa ajili ya nyimbo, picha na maneno yaliyozaliwa ndani yake.

Kabla ya kuwa mji Kolwezi ilikuwa vilima. Kilima chenye shaba hujulikana kwa mbali, kwa kuwa miti ya miombo hukoma miguuni pake, na juu hubaki nyasi na vijimea vinavyostahimili sumu ya madini, pamoja na ua dogo ambalo watafutaji wa madini walilifanya kiongozi wao, wakaliita ua la shaba. Kwenye vilima vya namna hiyo Wasanga na majirani zao waliokota na kuchimba jiwe la kijani liitwalo malakiti, wakati wa kiangazi kazi za shamba zilipopungua. Wakalichoma kwa makaa katika tanuri zilizojengwa kwa udongo wa kichuguu, wakavuvia moto kwa mivukuto ya ngozi mpaka shaba ikaiva, ikatiririka, ikasubiwa katika kalibu. Mmisionari Mbenediktini Jean-Félix de Hemptinne, aliyetoa maandishi juu ya mafundi hao mwaka 1926, aliwaita walaji wa shaba. Na yeyote asemaye lugha ya Kibantu huelewa mara moja kwamba kula huku si kwa meno, bali ni kupata riziki, utajiri na enzi.

Iliyotoka katika kalibu mara nyingi ilikuwa na umbo la msalaba wa mikono minne, ambao haukuwa na uhusiano wowote na dini ya Kikristo, kwa kuwa ulikuwapo karne nyingi kabla ya padri wa kwanza kuikanyaga ardhi ile. Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walipofukua makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale katika bonde la Upemba, mwaka 1957 na 1958, waliikuta misalaba hiyo imezikwa pamoja na maiti. Ilikuwa fedha, ikanunua bidhaa. Ilikuwa mahari, ikaunganisha koo. Ilikuwa akiba ya mtu akiwa hai na heshima yake akiisha kufa. Baadaye Wabenediktini wa Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, waliipa kwaya ya watoto wao jina la msalaba wa shaba, na mwanasiasa Moïse Tshombe alipoitangaza Katanga kuwa dola ya peke yake tarehe 11 Julai 1960, bendera iliyoshonwa kwa ajili ya dola hiyo ilikuwa na misalaba mitatu ya shaba pembeni mwake. Dola ile haikudumu. Januari 1963 Kolwezi, iliyokuwa ngome yake ya mwisho, iliangukia mikononi mwa majeshi ya Umoja wa Mataifa. Msalaba wenyewe ulidumu, na mpaka leo husubiwa, mdogo wa kutiwa mfukoni, ukauzwa pamoja na shanga na visanduku vya malakiti.

Fundi wa leo aghalabu hana tanuri. Huanza na bamba jembamba la shaba, akachora juu yake kwa kalamu uso wa mwanamke, au mvuvi na mtumbwi wake, au mtwangaji na kinu. Kisha huligeuza, akaligonga kwa nyuma kwa patasi butu na nyundo ndogo, pigo baada ya pigo, wala hapigi kwa nguvu wala kwa haraka, kwa kuwa shaba ikigongwa kupita kiasi hukakamaa na kupasuka, na haina budi kurudishwa motoni ipate kulainika tena. Polepole shavu huinuka, kisha paji la uso, kisha misuko ya nywele. Mwisho hulipaka weusi lote, akaisugua miinuko tu kwa kitambaa mpaka ing'are, akiyaacha mabonde katika kiza chake. Asimamaye karibu husikia sauti yake kabla hajaona sura: tiki, tiki, tiki, sawasawa na saa ya ukutani. Kazi hii hudharauliwa na baadhi ya wasomi kwa kuwa ni ya kuuzia wageni, nami siafikiani nao hata kidogo. Katika nchi ambayo karibu shaba yote hupakiwa na kupelekwa ng'ambo kabla haijawa kitu, mtu anayekizuia kipande chake kimoja nyumbani na kukipa uso wa mama yake anatenda jambo lenye maana.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, iliuanzisha mji wa Kolwezi mwaka 1937 kuwa makao ya migodi yake ya magharibi. Ilikuwa imekwisha kuamua, tangu mwisho wa miaka ya 1920, kwamba mfanyakazi atulie kambini pamoja na mkewe na watoto wake, badala ya kuletwa na kurudishwa kwao kila mara. Na kwa uamuzi huo, ambao nia yake ilikuwa hesabu za faida, ilikusanya mahali pamoja Waluba, Walunda, Wachokwe, Wasanga, Wayeke, Wabemba na wengineo, ikawaacha watafute namna ya kuishi mlango kwa mlango. Lugha waliyoishi nayo ni Kiswahili. Ni Kiswahili chenye sura yake, kwa kuwa wao husema batu pale tusemapo watu, na lupangu pale tusemapo kiwanja cha nyumba. Na wako watu wa mwambao wanaokicheka, jambo linalonisikitisha, kwa sababu lugha iliyowalea watu vizazi vinne, ikabeba mapenzi yao, misiba yao na sala zao, haina tena la kuomba ruhusa kwa mtu. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili hicho, kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu, tarikhi ya mji wa Élisabethville kama walivyoiona wapishi na maboi. Na sijui kitabu kingine ambamo jiko linamsimulia bwana mwenye nyumba kwa uwazi namna ile.

Pamoja na lugha zilikuja ngoma. Beni, iliyozaliwa Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19 na mavazi yake ya kijeshi, vyeo vyake na tarumbeta zake, ilisafiri na askari na wapagazi mpaka miji ya migodi ya Katanga, ikaitwa mbeni na kutiliwa shaka na watawala wa Kibelgiji. Upande wa Rhodesia ikazaa kalela. Afrika Kusini wachimbaji wa dhahabu waliyageuza mabuti yao ya mpira kuwa ngoma. Pote palipochimbwa, waliochimba walijitafutia mahali pa kusimama kama watu kamili baada ya kengele ya kazi.

Lakini katika yote yaliyozaliwa Kolwezi silijui la ajabu kuliko Jamaa. Mwaka 1953 Padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji ambaye jina lake lilikuwa limekwisha kuenea kwa kitabu chake cha mwaka 1945 juu ya falsafa ya Kibantu, alipelekwa kuhudumu Ruwe, kwenye kambi ya wafanyakazi wa migodi iliyo Kolwezi. Huko alianza kukutana jioni na wachimbaji na wake zao, si kwa kuwahubiria tu bali kwa kuwasikiliza, na katika mazungumzo hayo mkaota taratibu shirika la watu walioitana jamaa. Nguzo za mafundisho yao zilikuwa tatu, nazo zilitajwa kwa Kiswahili: uzima, uzazi, mapendo. Mume na mke waliingia pamoja, wakafundishwa hatua kwa hatua. Na waliokomaa waliitwa Baba na Mama, wakawa wazazi wa kiroho wa wengine waliokuja nyuma yao.

Mwenye kusoma habari hizi aweza kuuliza zinahusu nini sanaa. Zinahusu sana, kwa maoni yangu, kwa kuwa sanaa kubwa ya Waafrika kabla ya turubai na jukwaa ni sanaa ya maneno, na Jamaa waliifikisha mahali pa juu: walikuwa na namna yao ya kufundisha, yenye kuuliza na kujibiwa, yenye mafumbo yanayorudiwa mpaka yafunguke, na yenye nyimbo zao wenyewe, yote kwa Kiswahili cha kambini. Tuufikirie mchana wa mtu yule. Mgodini ana namba. Huitwa kwa namba, hulipwa kwa namba, hupewa posho ya unga kwa namba. Jua likitua huoga, huvaa shati safi, huandamana na mkewe, na huko aendako huitwa Baba, wala si kwa kuwa ana watoto, bali kwa kuwa kuna watu ambao neno lake limewazaa upya. Fabian alipokaa Kolwezi mwaka 1966 na 1967 kulichunguza jambo hili, Tempels alikuwa amekwisha kurudi kwao tangu 1962, na Jamaa ilikuwa ikiendelea bila ya yeye, ikienea kutoka kambi hadi kambi. Baadaye viongozi wa Kanisa waliibana. Walakini mimi naiweka pamoja na kazi kubwa za fikra zilizopata kutungwa kwa lugha yetu, na nasikitika kwamba katika shule zetu haitajwi.

Sasa narudi kwenye picha. Tshibumba Kanda-Matulu alizaliwa Élisabethville mwaka 1947, akawa mmojawapo wa vijana waliochora kwa ajili ya kumbi za wafanyakazi; na kama wenzake alirudia mara nyingi yale yaliyouzika. Lakini alijiona kuwa ni mwanahistoria, na mwaka 1973 na 1974, alipompata katika Fabian mtu wa kumsikiliza na kumnunulia, aliichora tarikhi ya nchi yake tangu mwanzo mpaka siku zile, katika picha zipatazo 100, akizieleza moja moja kwa Kiswahili cha Shaba, maana ndilo jina ambalo serikali ya Mobutu ilikuwa imeupa mkoa wa Katanga. Alichora kuja kwa Wazungu, mapigano na wafalme, mgomo wa wafanyakazi na risasi zilizoukomesha, uhuru na vita vya kujitenga. Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliyeuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961 pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, alimchora kama mtu aliyekufa kwa ajili ya wengine, na nyuma ya miili yao akasimamisha misalaba mitatu. Mimi kila niitazamapo picha hiyo huikumbuka pia ile misalaba mitatu ya bendera ya Tshombe, na sijui kama fundi aliikusudia ikumbukwe au mkono wake uliongozwa na jambo lililokuwa hewani. Lakini mtu wa Katanga hawezi kuona misalaba mitatu asikumbuke mambo mawili kwa pamoja.

Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 Tshibumba hakuonekana tena. Picha zake zile zilikwenda Uholanzi, zikawekwa katika jumba la makumbusho lililokuwa likiitwa Tropen, Amsterdam, na Fabian akazitoa katika kitabu pamoja na maelezo yao mwaka 1996. Hazikuibwa, zilinunuliwa kwa halali kwa mwenye kuzichora, na huenda zisingalisalimika kama zingalibaki. Mwaka 2022 Ubelgiji iliwarudishia Wakongomani jino la Lumumba, mabaki pekee yanayojulikana ya mwili wake, na mfalme Philippe akakabidhi Kinshasa kinyago cha Kakuungu cha Wasuku kiwe huko kwa muda usio na ukomo; mambo hayo ni ya haki, na bado ni machache. Lakini ukumbusho uliopelekwa mbali una hasara yake ya namna nyingine, ambayo haimo katika sheria za mali iliyoibwa. Amsterdam picha ya mfungwa na kiboko huweza kutazamwa kwa adabu na watu wengi. Hapana mtoto amuulizaye baba yake alichapwa kwa kosa gani, na hapana bibi atokaye jikoni.

Mei 1978 Kolwezi ilijulikana duniani kwa siku chache za damu. Tarehe 13 wapiganaji wa FLNC, waasi waliompinga Mobutu, waliuteka mji, tarehe 19 askari wa Jeshi la Kigeni la Ufaransa wakaanza kuruka kwa miavuli, na mamia ya watu, weusi kwa weupe, waliuawa. Mwaka 1980 Raoul Coutard alitoa filamu juu ya tukio hilo; nayo ni habari ya wale askari. Ndivyo ulimwengu ulivyoujua mji huu kwa miaka mingi, kama mahali pa kurukia.

Katika mwaka huohuo wa 1978 alizaliwa Lubumbashi mtoto ambaye kamera yake ingekuja kuitazama Kolwezi kwa jicho la mwenyeji, Sammy Baloji. Alipokuwa akikua, Gécamines, shirika la serikali lililorithi mali ya Union Minière, lilikuwa likianguka: lililokuwa likitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 lilikuwa halifikishi tani 50,000 miaka 10 na kitu baadaye. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990. Mishahara ilikatika miezi kwa miezi, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipewa kiinua mgongo, wakaachishwa kazi. Mwaka 2006 Baloji alitoa mfululizo wa picha alioupa jina la Kifaransa lenye maana ya Kumbukumbu, ambamo aliwakata vibarua wa zamani kutoka picha za hazina ya Union Minière, wengine wamefungwa minyororo shingoni, wengine wamesimamishwa kupimwa, akawabandika juu ya picha za leo za majengo yaliyooza na mashine zilizoshikwa kutu. Wanatutazama kutoka huko. Wao walijenga, nasi tunaona kilichobaki.

Kisha alikwenda Kolwezi, na kazi aliyoifanya huko kati ya 2009 na 2011 ndiyo inayonirudisha kwenye ule ukumbi nilioanza nao. Alipiga picha za makazi ya wachimbaji wadogo, mahema ya turubai na maturubai ya plastiki yaliyopigwa juu ya udongo mwekundu uliopinduliwa. Na kando ya kila picha akaweka mabango ya karatasi yauzwayo sokoni kwa bei ndogo, ya mtindo wa Kichina, yenye majumba ya vioo, maporomoko ya maji, bustani za maua yasiyoota Afrika na barabara pana zisizo na mtu. Mabango hayo ndiyo yapambayo kuta siku hizi. Yametungikwa palepale ilipokuwa picha ya mamba muntu na ya mfungwa wa koloni. Nami nikiyaangalia naona badiliko kubwa kuliko lolote linaloweza kuandikwa katika hesabu za madini: watu waliokuwa na picha iliyowasemesha juu ya walikotoka wametungika picha ya mahali pasipokuwapo, ambapo baba hana la kumwambia mtoto. Siwalaumu. Mtu anayelala katika hema juu ya shimo ana haki ya kutazama bustani. Ila Baloji, kwa kuliweka bango kando ya hema, aliufungua tena mdomo uliokuwa umefungwa. Alilirudishia karatasi lile kazi ya ukumbusho.

Na yaliyofuata yalikuwa mazito zaidi. Mwaka 2014, katika mtaa wa Kasulo mjini Kolwezi, ilijulikana kwamba madini yenye kobalti yako chini ya nyumba za watu, na baada ya muda mfupi mashimo yakachimbwa uani, jikoni na hata katikati ya sakafu ya ukumbi, mume akishuka kwa kamba mahali ambapo zamani mgeni alipewa kiti. Nchi ya Kongo hutoa yapata asilimia 70 ya kobalti ya dunia, na simu ambayo huenda msomaji ameishika sasa ina chembe yake. Sijaona bado picha ya kutungikwa ukutani inayoonyesha ukumbi wa Kasulo. Natumaini yuko kijana anayeichora.

Wala isidhaniwe kwamba mji umenyamaza. Vinyago vya Wachokwe na vya Walunda havikuachwa vijijini. Wavulana wanapotoka jandoni, ambako huitwa mukanda, makishi hucheza, na miongoni mwao Mwana Pwo, bibi wa kale mwenye uzuri na adabu, ambaye huchezwa na mwanamume aliyevaa vazi la kufumwa kwa nyuzi. Vijana wa Katanga huchukua pipa la mafuta, wakaliwamba ngozi ya mbuzi, wakalitia ubao mrefu na nyuzi nne, wakapata karindula, chombo kikubwa mno. Huko Lubumbashi Baloji na wenzake walianzisha mwaka 2008 tamasha la sanaa lirudialo kila miaka miwili, na kati ya majina yote ya Kifaransa waliyoweza kulipa walilipa la Kiswahili: Picha.

Nimemwacha kwa makusudi mpaka sasa mtu ambaye sauti yake iliwafikia watu wa pwani kabla ya hao wote. Mwenda Jean Bosco alizaliwa Bunkeya mwaka 1930, na mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimkuta Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, akamrekodi. Wimbo wake wa Masanga ukasikika dunia nzima. Alipiga gita kwa vidole viwili, gumba likishika besi isiyoyumba na kidole cha shahada kikikimbia juu yake, hata waliosikiliza santuri wakadhani kuwa wapigaji ni wawili. Na akaimba kwa Kiswahili. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuwa Nairobi, na mpiga gita mwenzake Édouard Masengo naye akaenda huko, na vijana wa Kenya waliokuwa wakijifunza gita walikaa karibu na redio kujaribu kulifuata lile gumba. Mwaka 1969 Bosco alipiga katika tamasha la Newport, Marekani. Alifariki mwaka 1990 katika ajali ya gari.

Bunkeya yenyewe, ambayo leo imo katika mkoa wa Lualaba uliozaliwa mwaka 2015, ilikuwa mji mkuu wa Msiri, mtu wa asili ya Wasumbwa wa magharibi ya Tanzania, ambaye baba yake alikuwa akifuata shaba ya Katanga kwa biashara. Alisimamisha dola ya Wayeke, akatawala mpaka tarehe 20 Desemba 1891, alipopigwa risasi na Kapteni Omer Bodson wa msafara wa Stairs, uliotumwa kwa ajili ya mfalme Leopold II, na ambao wapagazi wake walikuwa watu wa Zanzibar na mwambao. Wayeke husimulia mpaka leo kwamba kichwa chake kilikatwa na kuchukuliwa. Kila mwaka tarehe hiyo hukusanyika Bunkeya kumkumbuka, na katika alama za enzi yao mna omande, gamba jeupe la konokono wa Bahari ya Hindi, lililopanda kutoka pwani kwa mikono ya wafanyabiashara, mwendo wa miezi mingi, kwa njia zilezile ambazo shaba ilishukia. Hapana bahari karibu na Bunkeya, na mtoto aliyeletwa kwa mara ya kwanza kuitazama sherehe, akiliona gamba lile, huuliza limetoka wapi.